Kipande cha Bibi

Sabuni ikishaganda, Mama anaitoa kwenye kasha la mbao na kuikata kwa waya wa gitaa. Kipande cha kwanza, kile cha kona ya kulia, hakiuzwi. Hakipimwi, hakifungwi karatasi ya dukani, na hata ukiwa umejaa tope mpaka masikioni huruhusiwi kukigusa. Ni cha Bibi. Kinaviringishwa kwenye gazeti, kinakaa juu ya friji, na Mjomba alipokuwa akienda kijijini kuchukua mafuta alikichukua pamoja na barua yangu.

Bibi huyu hakumzaa Mama wala baba. Ni Bibi tu. Mimi nilikuwa bado wa mgongoni, baba ameshakwenda zake, na Mama alikuwa amekaa stendi na mfuko mmoja wa nguo, hajui apande gari gani. Bibi akashuka kwenye basi na dumu la mawese kichwani. Akamtazama, akamuuliza, "Wewe, kupika unajua?" Mama akasema kupika nini. "Sabuni. Chakula kila mtu anapika." Palepale kwenye benchi akamweleza namna ya kuchanganya, akamwachia lile dumu, na kitu alichotaka kilikuwa kimoja: "Ikiganda niletee kipande nikaogee. Nikitoka upele nitakufuata."

Hakutoka upele. Leo Mama ana stoo nyuma ya nyumba, mapipa matatu, makasha kumi na manane, na wateja ambao hatuwajui hata sura. Kwenye kila karatasi ya sabuni kulikuwa na picha ya mwanamke mzee, mfupi, mnene, amefunga kilemba na kushika dumu. Niliichora mimi, kwa kusimuliwa, na yale niliyokosa kusimuliwa nikajaza mwenyewe; Mama alicheka, akasema iache hivyohivyo. Chini yake ilikuwa imeandikwa: Mafuta ya Bibi, yamekamuliwa kwa mkono.

Zamani Bibi alikuwa anayaleta mwenyewe mpaka stendi; Mama anamlaki alfajiri mimi nikiwa nimelala, na Bibi anarudi na basi hilohilo. Magoti yakamshinda nilipokuwa na miaka tisa. Ndipo Mjomba, mdogo wake Mama, mwenye pikapu ya bluu ambayo mlango wa kushoto haufungi mpaka uubamize mara mbili, akasema, "Dada, wewe pika sabuni. Mafuta niachie mimi."

Sasa, mimi siongei. Si kwamba siwezi. Maneno yananifika hapa kooni, yanachungulia, yanaona watu, yanarudi yalikotoka. Mjomba akanipa jina la Bubu. "Bubu, lete maji. Bubu, umeshiba? Kama umeshiba nyamaza." Watu wote wanacheka, na mimi nacheka, kwa sababu ukinuna ndiyo wanazidi.

Safari ya kwanza ya Mjomba, Mama aliniambia nimwandikie Bibi barua fupi: kipande hiki hapa, asante, magoti yanaendeleaje. Nikaandika hivyo. Halafu, sijui niliingiwa na nini, nikaongeza mstari wa kwangu: Bibi, mimi ndiye yule wa mgongoni, siku hizi niko darasa la nne na sina rafiki. Nikafunga bahasha upesi kabla sijabadilisha mawazo.

Siku Mjomba aliporudi nilikuwa nimekaa getini tangu asubuhi. Akashusha madumu. Akaniona. Nikamtazama mikono, nikamtazama mifuko. Akarudi kwenye gari, akainamia chini ya kiti muda mrefu, akatoka mikono mitupu. "Bubu! Una barua yako, bwana, nimeisahau nyumbani. Kesho."

Kesho yake akaileta kweli. Karatasi ya daftari, herufi kubwakubwa zimelalia upande wa kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo. Ilisema ameiandika mjukuu wake, kwa sababu macho ya Bibi hayashiki herufi. *Karani wangu mpendwa, rafiki umeshapata mmoja, ingawa hana meno. Usijali hata chembe.*

Niliisoma mpaka mikunjo ikatoboka.

Ikawa hivyo kwa miaka sita, barua kila mwezi. Mstari mmoja wa kwangu ukawa kurasa nne. Nilimwambia Bibi kwamba nachukia kuitwa Bubu, na wiki hiyohiyo Mjomba akaacha, akaanza kuniita Bosi. Nikasema moyoni, bibi huyu si mchezo, yuko huko mbali na anamnyoosha mtu huku. Nilimwambia siku niliyochafua sketi darasani, nilivyoganda kwenye dawati mpaka wote wakaondoka na mfagizi akaja na ufagio wake. Akanijibu kwamba si aibu, nimwambie mama yangu. Nikamwambia Mama. Nilimwambia kuwa Mama analia stoo, anapodhani mvuke wa mapipa umetuziba macho.

Na mwaka juzi nilimwambia habari kubwa kuliko zote: likizo ikifika tunakuja, mimi na Mama, ameshasema!

Jibu lilikuwa fupi. *Karani wangu, mwambie mama yako kwa upendo asije sasa. Kuna homa kijijini, watoto wanalazwa wawiliwawili. Mto nao umejaa, hauvukiki ila kwa kusukumwa. Mwakani.* Nilimpa Mama aisome. Mama akakaa kwenye kasha la sabuni, akasema, "Maskini Mama yangu," akampa Mjomba mablanketi mawili mapya ayapeleke. Mwakani ikawa mwakani nyingine.

Mimi kitu nilichokitaka kilikuwa hicho tu, kuliko viatu, kuliko kufaulu. Nimwone Bibi. Nikae karibu naye nione kama kwake naweza kuongea kwa mdomo.

Sasa akatokea mwenye hoteli. Alitaka sabuni yetu kwenye vyumba vyake vyote, ila picha aliikataa. Alisema mwanamke huyu anaonekana kama anaumwa jino. Alitaka picha ya kamera, Bibi mwenyewe na mashine yake ya kukamulia, na Mama pembeni. Mama alicheka sana, mpaka akashika ubavu, na katikati ya kicheko akanyamaza.

"Miaka sita sijamwona," akasema. "Nimekuwa mtu wa namna gani?"

Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi Mjomba alipokuja kuchukua madumu matupu alimkuta Mama amevaa kitenge cha kutokea, mkoba begani, kipande cha Bibi ndani ya mkoba.

"Dada! Nani anaolewa?"

"Nakwenda na wewe. Na mtoto anakwenda."

Mjomba akaweka dumu chini. "Leo?"

"Leo."

"Leo si siku nzuri, Dada. Mto..."

"Mvua haijanyesha mwezi mzima."

"Kiti cha katikati kimevunjika."

"Nitampakata huyu."

"Bosi ana miaka kumi na mitano, utampakata vipi?"

"Kama nilivyombeba, nitampakata. Washa gari."

Mjomba ni mtu wa kuimba njiani. Anaimba, anawatukana madereva wenzake, anawapungia wauza matunda anaodai wote ni shemeji zake. Siku hiyo hakuimba. Mara mbili alisimamisha gari akakagua tairi ambazo zilikuwa nzima. Tulipoacha lami akawa anatazama pembeni kama mtu anayesoma mabango, na mabango hayakuwepo. Penye njia panda alishusha kioo akamuuliza mchunga mbuzi njia ipi. "Wamebadilisha," akatuambia. Mama akageuza shingo akaitazama njia panda nyuma yetu. Pale katikati kulikuwa na mti mkubwa kuliko nyumba yetu, na njia mbili zimeuzunguka.

Mtoni tulifika jua likiwa kali. Huo mto nilikuwa naujua kuliko somo lolote. Kila mwezi Mjomba alitusimulia alivyovuka kwenye maji ya magoti, vijana wanane wakisukuma, injini ikikohoa. Kila mwezi Mama alimfungia chakula cha wale vijana. Mjomba akapunguza mwendo, akaiacha barabara, akashuka kwenye kijinjia upande wa chini. Majani yakawa yanakwangua tumbo la gari, halafu taa, halafu vioo.

"Kivuko kiko hapa," akasema. "Shukeni, gari liwe jepesi. Niwaite vijana."

Hakukuwa na vijana. Kulikuwa na vyura.

Mama akashuka, akapandisha kitenge juu ya magoti, akapanda kurudi barabarani akamwacha Mjomba anaita "Oyaa!" kwenye majani. Nikamfuata. Hatua hamsini juu yetu, barabara ile tuliyoiacha ilikuwa inaendelea moja kwa moja, na juu ya mto kulikuwa na daraja la zege. Pana, kijivu, kuvu za kijani zimeshaanza pembeni. Mwanamke alikuwa analivuka, anasukuma baiskeli, kitoto kimekaa nyuma.

"Samahani dada," Mama akamwambia. "Daraja hili limejengwa lini?"

"Hili?" Yule mwanamke akamgusa mtoto kichwani. "Huyu nimemzaa wiki wanayomwaga zege. Ana miaka minne, na ukimwona anavyokula utasema saba."

Mama akamshukuru. Tukateremka. Mjomba alikuwa amesimama kando ya gari, suruali imejaa mbegu za majani.

"Mwezi uliopita ulipita wapi?" Mama akamuuliza, taratibu kabisa, kama anauliza saa.

"Hapahapa."

"Hapa penye majani?"

"Lile daraja silipendi, Dada. Haliko imara."

Hapo juu likapita lori la matofali, limejaza mpaka linapumua. Daraja halikutikisika. Sote watatu tulilitazama mpaka likapita lote.

"Usijali hata chembe," Mjomba akasema. "Tutapita hukohuko juu, kama mnataka."

Hata chembe. Nikajiambia watu wengi wanasema hata chembe. Nikaanza kuwahesabu watu ninaowajua wanaosema hivyo, na mpaka tunavuka nilikuwa sijampata wa pili.

Nyumba ya Bibi nayo Mjomba hakuikumbuka. Tulielekezwa na watoto, wakakimbia mbele ya gari. Ilikuwa nyumba ya tofali, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu nusu, kama rangi iliisha. Uani kulikuwa na pipa la chuma lenye skrubu ndefu ya kukamulia, kutu imeila, na kuku alikuwa ameatamia ndani yake. Pembeni, kwenye mkeka, mwanamke mrefu, mwembamba, kofia ya kiume kichwani, anachambua maharage. Akainua uso akatuona. Akatabasamu kwanza, kabla hajatutambua, na alikuwa na meno yote. Meno meupe, yamepangika, mazuri kuliko ya kwangu.

*Ingawa hana meno.* Nilisimama na mlango wa gari mkononi.

"Shikamoo Mama," Mama akasema, akapiga magoti kwenye vumbi na kitenge chake cha kutokea.

Tabasamu likaondoka. Bibi akaendelea na maharage. "Marahaba. Umekuja kuangalia kama nimekufa?"

"Mama, kwa nini unasema hivyo?"

"Viti viko ndani, vichukueni. Miguu yangu si ya kutumwa." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Na huyu binti ni nani?"

"Mwanangu. Yule wa mgongoni."

Nikasogea. Maneno yakataka kurudi yalikotoka, nikayasukuma. "Ni mimi, Bibi. Karani wako."

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo miaka sita. Bibi akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele, kwa heshima, kama unavyomtazama mtoto wa watu.

"Karani wa nini, mjukuu wangu?"

Alinisubiri kidogo, halafu akamgeukia Mama, na sauti yake haikupanda hata mara moja.

"Huyu kijana wako alikuja ule mwaka wa mafuriko. Alisimama hapo aliposimama binti. Akasema, dada yangu amepata mafuta ya kiwandani, safi, hayanuki moshi, amesema usihangaike tena. Nilikuwa nimekamua madumu kumi na mawili. Yalichacha hapo ukutani, harufu yake majirani wanaijua mpaka leo. Nikasema sawa, mtu akikua anachagua. Nilikuwa na shamba, sikulala njaa." Akaacha maharage. "Lakini hata kipande, mwanangu? Miaka sita, hata kipande cha sabuni?"

Mama aligeuka, bado amepiga magoti, akamtafuta Mjomba kwa macho. Mjomba alikuwa kwenye pikapu, anaubamiza ule mlango wa kushoto. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ulishafunga, akaubamiza tena.

"Njoo hapa," Mama akasema.

Akaja. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, anatembea kama aliyevunja sahani.

"Ilikuwa mara moja tu, Dada. Mto ulijaa, kulikuwa hakuna daraja wakati ule, ungekaa mwezi mzima bila kazi. Nikanunua mawese ghalani, kule nyuma ya stendi. Nikasema mto ukipungua nitakwenda. Ukapika, ikaganda, ukaniambia, mdogo wangu, safari hii umeniletea mafuta mazuri. Ningesema nini?"

"Ungesema."

"Ningeonekana mjinga."

"Kwa hiyo ukaja huku kumwambia mama yangu simtaki."

"Nilitaka asikamue bure. Nilimwonea huruma."

Bibi akacheka kidogo, cheko la puani. "Asante kwa huruma."

"Vipande vyake viko wapi?" Mama akauliza.

Mjomba akatazama chini, na mimi nikajua kabla hajasema. Mke wa Mjomba ana ngozi laini kuliko mwanamke yeyote mtaani kwetu. Akikukumbatia ananukia stoo ya Mama. Mama amekuwa akimsifu miaka yote hiyo kwa kununua sabuni yetu kimyakimya, bila kuomba ya bure.

"Na barua?" mtu akauliza.

Nilikuwa mimi. Sauti ilitoka kubwa, hata kuku akainuka kwenye mashine.

Mjomba alimtazama Mama, akaitazama mashine, kila kitu isipokuwa mimi. "Ulikuwa umekaa getini, Bosi. Tangu asubuhi, na ile sweta yako. Ningekuambia nini?"

"Uliandika wewe?"

"Wa kushoto. Kwa mkono wa kushoto."

"Zote?"

"Zote." Halafu akaongeza upesi, kama amekumbuka kitu kizuri cha kunipa, "Lakini si niliacha kukuita Bubu? Uliponiambia tu, niliacha."

Sikuwa nimemwambia yeye. Nilitaka kusema hivyo na sikuweza. Nilikuwa naiona ile sketi. Nilikuwa namwona amekaa kwenye pikapu yake, kando ya barabara fulani, miguu juu ya dashibodi, anasoma habari za sketi yangu, halafu anahamishia kalamu mkono wa kushoto. Halafu jioni anakuja kwetu kula, ananipokea sahani, anasema asante Bosi.

"Mimi kusoma sijui," Bibi akaniambia, taratibu, kama anaomba radhi kwa kosa lisilo lake. "Na mjukuu sina."

Mama alihama kwenye magoti akakaa chini kabisa, akavuta ungo, akaanza kuchambua maharage. Wakachambua wote wawili. Nilihesabu kuku. Walikuwa saba. Baadaye Bibi akauliza, "Kipande umeleta?"

Mama akakitoa kwenye mkoba, akakifungua kutoka kwenye gazeti, akampa kwa mikono miwili. Bibi akakinusa upande mmoja, akakigeuza, akanusa upande wa pili. Mafuta yake yeye yanachemshwa kwa kuni, yana moshi ndani, na Mama huwa anasema zamani sabuni yake ukiifungua ilinukia jiko. Alipomuuliza Mjomba kwa nini haina moshi tena, aliambiwa Bibi siku hizi anatumia gesi.

"Nzuri," Bibi akasema. Akaifunga tena kwenye gazeti, kona kwa kona, akamrudishia. "Lakini hii si yangu. Mpe mwenye mafuta yake."

Picha hatukupiga.

Kurudi, Mjomba alifungua mlango wa mbele, akafuta kiti kwa mkono wa shati. Mama akapita akapanda nyuma, kwenye mabati, katikati ya madumu matupu. Nikapanda naye. Madumu yaligongana njia nzima na vumbi lilitujaa kwenye nyusi. Kwenye daraja Mjomba alipita polepole sana, mtu angedhani tumebeba mayai.

Wiki iliyofuata Mama alibandua karatasi kwenye sabuni zote zilizokuwa stoo. Mia nne na kitu. Tulikaa chini tukazibandua na maji ya moto, sura ya yule mwanamke wangu mfupi mnene ikawa inakunjamana kwenye beseni. Mwenye hoteli alipopiga simu Mama alimwambia ukweli wote, hakupunguza. Yule bwana akamwambia hakuna mteja atakayejua tofauti, amweke tu mwanamke yeyote mzee. Mama akamkatia simu, na Mama huwa hamkatii mtu simu.

Mjomba alikuja mara mbili. Geti halikufunguliwa. Mara ya tatu alikuja mke wake, siku hiyo hanukii kitu chochote, akaniwekea boksi la viatu mikononi. "Amesema ni zako," akasema, akaondoka bila kukaa. Ndani zilikuwa barua zangu zote, zimepangwa kwa miezi, zimefungwa mpira. Hakutupa hata moja. Ningependa angezitupa.

Niliitafuta ile ya mwaka juzi. Nilikaa nayo siku tatu. Siku ya nne nilikwenda stoo, Mama anakoroga, nikasimama mlangoni nikamsomea kwa sauti: *Bibi, usimwambie mtu, likizo tunakuja, mimi na Mama, ameshasema!*

Mama akaacha kukoroga. Sabuni haitaki uache kukoroga.

"Ni mimi niliyemwambia," nikasema. "Ndiyo maana ikaja homa. Ndiyo maana hukwenda."

Mvuke ulikuwa mwingi, sikuona uso wake vizuri.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Na yeye?"

Nikapiga hesabu. "Thelathini na tisa."

"Haya," akasema, akashika mti wake akaendelea kukoroga. Baada ya muda akauliza, "Na hizo nyingine? Umeandika nini humo?"

"Zangu."

"Mimi nimo?"

"Umo."

Alikoroga mizunguko mingi. "Moto unahitaji karatasi," akasema. Nikapiga magoti nikazisukuma chini ya pipa mojamoja. Majibu ya Mjomba nikayaweka mwisho. Yale yenye herufi za kulalia kushoto yaliwaka sawasawa na mengine.

Mama amekwenda kijijini mara nne tangu hapo, peke yake, kwa basi. Mara ya kwanza Bibi alimpa maji ya kunywa. Ya pili walichambua mchele. Ya tatu Bibi akamwambia, ukija tena njoo na skrubu mpya. Juzi, mara ya nne, Mama alikwenda nayo, akarudi na dumu moja magotini, moja tu, na nyumba nzima ikanukia moshi. Hivi sasa tunapika pipa moja badala ya matatu, na nusu ya wateja waliopita kuulizia wanasema sabuni hii inanuka.

Leo ameikata. Kipande cha kona ya kulia ameniwekea mezani na gazeti.

"Mwandikie," amesema. "Jirani yake atamsomea."

Nimeandika: Bibi, shikamoo. Hiki ni kipande chako. Kina moshi. Mama anakusalimu, na anauliza magoti.

Mama ameisoma, ameigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Hii tu? Si ulikuwa unajaza kurasa nne?"

"Hii tu."

Aliniangalia, akanirudishia. Nimeviringisha kipande, nimekiweka juu ya friji, na barua juu yake. Bahasha sikuifunga.